Asiyeona Apewe Kazi, Asipewe Kiti

(Mazungumzo na walimu na watumishi wa umma, Kumsenga, Kibondo)



Nitaanza na jambo dogo ambalo wengi wetu tumelifanya. Mwalimu ametayarisha muhtasari wa somo, ameupiga picha kwa simu, akawatumia wanafunzi. Kwa mwenye kuona, kazi imekwisha. Kwa mwanafunzi asiyeona, mwalimu huyo hajatuma kitu.

Sababu yake ni hii. Asiyeona hutumia kompyuta kwa msaada wa programu inayomsomea kwa sauti maandishi ya kwenye skrini, naye huiongoza kwa vibonye. Programu hiyo husoma herufi. Ikikutana na picha ya herufi, kwa kawaida haiisomi. Vivyo hivyo, kichwa cha habari kilichokolezwa wino tu, bila kuwekewa alama yake ndani ya faili, humlazimu msikilizaji kupekua kurasa zote ili afike anapopataka. Na sauti ya Kiingereza ikiachiwa kusoma Kiswahili, hutoka maneno asiyoyaelewa Mswahili wala Mwingereza.

Ndugu zangu, makosa haya hayatokani na roho mbaya. Yanatokana na kukosekana kwa mtu wa kuyasikia wakati somo linapotayarishwa. Mtu huyo tunaye. Yumo vyuoni mwetu, na kama wenzake anahitaji mahali pa kufanyia mafunzo ya kazi.

Nchi hii haianzi leo kumfundisha asiyeona. Shule ya Buigiri, mkoani Dodoma, ilianza mwaka 1950. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kupokea wanafunzi wasioona mwaka 1978. Hapa kwa jirani zetu wa Kasulu, shule ya Kabanga imewalea watoto wasioona pamoja na viziwi na wenye ualbino. Wanafunzi hao wamejengwa kwa nukta nundu, nayo haifai kutupwa. Lakini kitabu kimoja cha kawaida kikiandikwa kwa nukta nundu hugeuka majuzuu kadhaa mazito. Faili iliyotayarishwa vizuri huingia mfukoni.

Tukumbuke pia nani aliyezibuni zana hizi. Nukta nundu ilibuniwa mwaka 1824 na Louis Braille wa Ufaransa, asiyeona, akiwa mwanafunzi wa miaka 15. Mwaka 2006 kijana asiyeona wa Australia, Michael Curran, alianza kutengeneza programu ya kusoma skrini iitwayo NVDA, akaungwa mkono na mwenzake James Teh, naye haoni. Programu za namna hiyo ziliuzwa kwa bei kubwa. Yao hutolewa bure mpaka leo, na ina sauti ya Kiswahili. Basi, ni nani anayethubutu kusema kwamba asiyeona ni wa kusaidiwa tu katika kazi hii?

Hatari iliyopo ni ya namna nyingine. Ni rahisi sana ofisi kumpokea kijana huyo kwa maneno mazuri, ikampa kiti, ikamwacha akae wiki nane, kisha ikamwandikia alama nzuri kwa huruma. Huko ni kumdhulumu kwa upole. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 na Azimio la Musoma la 1974 vilitufundisha kuunganisha elimu na kazi. Kiti si kazi.

Kazi yenyewe ipo. Kila somo kabla halijatolewa lipite kwake alisikilize tangu mwanzo hadi mwisho. Aandike penye kosa na namna ya kulirekebisha. Awaonyeshe walimu jinsi ya kuweka vichwa vya habari na kuieleza michoro kwa maneno. Akikosea asahihishwe, akichelewa aulizwe, apimwe kama wenzake. Gharama ni kompyuta, visikilizio, na mwenzake wa kumwonyesha njia siku za mwanzo.

Sheria imekwisha kunena. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, inalinda haki yao ya elimu na kazi. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 2020, unafungua njia ya vitabu kugeuzwa kuwa nakala zinazosomeka na wasioona bila kuomba kibali cha mwenye haki. Kilichobaki ni utekelezaji, na utekelezaji ni sisi tuliokaa hapa.

Somo linaloandaliwa Dar es Salaam au Dodoma hufika Kumsenga jinsi lilivyotoka. Likitoka bubu, litafika bubu, na mtoto asiyeona wa hapa atakaa darasani akisikiliza wenzake wakisoma. Tusingoje mtoto huyo akue ndipo tumtangazie kosa letu. Tumwite leo kaka yake aliyeko chuoni, tumpe kazi, naye atuambie tulipokosea.