Kazi Bila Mshahara: Habari za Uingereza
(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanachama)



Nimeombwa niseme juu ya kumfanyisha mtu kazi bure na kumwambia anajifunza. Nitawapa habari za Uingereza, maana huko neno hili lilifika mpaka mahakama ya juu kabisa.

Huko mtu asiye na kazi hupewa posho na Serikali. Mwaka 2011 kijana wa chini ya miaka 25 alipata pauni 53 na peni 45 kwa juma. Binti mmoja, Cait Reilly, aliyesomea habari za miamba katika chuo kikuu, alikuwa akijitolea katika jumba la makumbusho mjini Birmingham. Akaondolewa, akapelekwa duka la Poundland kupanga bidhaa na kufagia, bila mshahara. Aliambiwa kwamba akikataa, posho yake itakatwa. Jamieson Wilson, dereva wa malori, yeye alitakiwa afanye kazi saa 30 kwa juma, miezi sita. Alikataa, na posho ikakatwa kweli.

Hebu tupige hesabu. Posho ya yule kijana ukiigawanya kwa saa 30 ni pauni 1 na peni 78 kwa saa. Kima cha chini cha mshahara, tangu Oktoba 2011, kilikuwa pauni 6 na peni 8 kwa mtu wa miaka 21 na zaidi. Tena hiyo pauni moja na kitu hakuitoa tajiri. Ilitoka katika kodi, pamoja na kodi ya yule mfanyakazi wa duka anayetafuta saa za ziada asizipate!

Februari 2013 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kanuni zile hazikufuata sheria, kwa kuwa hazikueleza mpango wenyewe sawasawa. Haikusema kuwa ni kazi ya kulazimishwa. Mwezi uliofuata Bunge likapitisha sheria ya kurudi nyuma, ili Serikali isirudishe posho zilizokatwa, kama pauni milioni 130. Mimi naona huo ni ujanja, ingawa ulipita Bungeni.

Kwetu Kenya hakuna posho ya namna hiyo, lakini kijana wa kujifunza yupo. Kesho, ukimwona kazini kwako, muulize mwakilishi wenu: alikuja lini, nani anamfundisha, na nafasi anayoishika ilikuwa ya nani?