Mshahara Mdogo Haumnyimi Mtu Baraza

Natumaini mmeumaliza mwezi salama, ingawa najua kwamba walio wengi hatuumalizi mwezi, bali mwezi ndio unaotumaliza sisi. Mshahara unaingia mwishoni, na ikifika tarehe 10 mtu anabaki kukumbuka tu kwamba aliwahi kuushika.

Leo nina swali ambalo si langu. Niliulizwa na kijana mmoja, mlinzi katika jengo lililo jirani na studio zetu. Usiku mmoja nilipokuwa nikitoka kazini aliniambia: "Mzee wangu, wewe unazungumza redioni kila wiki. Hebu niambie, mtu wa mshahara kama wangu anaishi kwa ajili ya nini? Nafanya kazi, nalipa kodi ya chumba, nakula, nalala, kesho nipo tena getini. Siku yangu ya mapumziko ikifika sina pa kwenda, maana kila pahali ni hela." Sikuwa na jibu. Nilimpa pole, nikapanda daladala. Lakini swali lile nililala nalo.

Kabla sijajaribu kulijibu, tuelewane jambo moja. Asije mtu akasema kwamba fulani amekaa mbele ya kipaza sauti akiwahubiria walalahoi waridhike na njaa. Umaskini si sifa. Mfanyakazi anayepunjwa ana haki ya kudai, na mwenye nyumba anayetaka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo kutoka kwa mtu anayelipwa kwa mwezi, haondokewi na lawama eti kwa sababu mpangaji wake ana moyo mchangamfu. Ninachosema ni kwamba wakati tunadai hicho tunachostahili, siku zinapita, nazo ni siku zetu.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita binti ya kaka yangu aliolewa. Kadi ya mchango ikaletwa, ina kiwango cha mtu mmoja na kiwango cha watu wawili. Kwa kuwa nasikika redioni, kamati ya harusi ilitarajia jina langu liwe juu kabisa ya orodha. Mke wangu akasema, "Baba watoto, tutoe tulicho nacho, na siku ya shughuli mimi nitakwenda jikoni kusaidia." Nikaona aibu. Nikaenda kukopa kwa mmoja wa wale wakopeshaji ambao mikopo yao mitaani tunaiita kausha damu. Nikatoa mchango, tukashona sare, tukapiga picha. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, nami nilikopa harusi kwelikweli, wala si kwa mafumbo.

Riba niliitarajia. Nisichokitarajia ni kwamba deni lingeninyang'anya kitu ambacho hakikuwa cha pesa. Mtaani kwetu kuna baraza chini ya mwembe, na kila Jumamosi baada ya alasiri pana bao. Mkopeshaji wangu alikuwa akipita njia ile, nikaanza kuikwepa. Halafu nikakopa kwa mwenzangu mmoja wa pale barazani ili nipunguze deni la kwanza, basi nikawa siwezi hata kumtazama usoni. Miezi saba sikukanyaga pale. Jumamosi nikawa nakaa chumbani, mlango umerudishwa, nikitazama simu. Sikuwa nimefilisika fedha tu, nilikuwa nimefilisika watu.

Aliyenitoa ndani ni baba mdogo, karani mstaafu mwenye pensheni ndogo. Alikuja nyumbani akanikuta katika hali hiyo. Hakuniuliza habari za deni. Alisema tu, "Mwanangu, pale barazani nimekosa mtu wa kumfunga." Nikaona haya kumkatalia mzee, nikavaa kandambili nikamfuata.

Kwa wasiolijua bao, ni ubao wenye mashimo 32, yaani safu nne za mashimo manane manane, na kete 64. Kete zenyewe pwani huwa ni komwe, mbegu za mkomwe, ambazo huokotwa bure. Kila mchezaji ana kete 32. Katika bao la Kiswahili huanzi kwa kuzimwaga zote: kumi hupangwa ubaoni, na 22 hubaki akiba, ukawa unazinamua moja moja. Tena kuna shimo liitwalo nyumba. Katika hatua hiyo ya kunamua, ikiwa huna cha kula wala huna pengine pa kuanzia ila kwenye nyumba, unachota kete mbili tu. Siku ile nilibanwa hapo hapo. Baba mdogo akacheka akasema, "Unaona? Hata bao halimruhusu mtu kuimwaga nyumba yake kwa sababu ya watu wanaotazama."

Nikajua kwamba habari zangu zote anazo.

Yule niliyemkopa naye alikuwapo. Nilimvuta pembeni nikamweleza ukweli. Alishangaa. "Kumbe ni hilo? Mimi nilidhani nimekukosea." Nilimlipa kidogo kidogo, na yule wa riba nilimmaliza baada ya mwaka na ushei.

Sasa, wasikilizaji, nataka mtazame baraza lile. Ubao wake una umri kuliko mimi. Hapana kiingilio. Kuna mwalimu, kuna fundi baiskeli, kuna muuza maji. Mchana kutwa yule muuza maji huitwa "wewe, maji!" Jioni, kwa kuwa hakuna anayehesabu kete kama yeye, tunamwita fundi, maana ndivyo mabingwa wa bao wanavyoitwa. Mwalimu Julius Nyerere, aliyefariki mwaka 1999, alikuwa mpenzi wa mchezo huu huu, na kete 64 za rais ndizo hizo hizo 64 za muuza maji. Hapo ndipo nilipoliona jibu la yule kijana. Mtu wa kipato kidogo, pamoja na ugali wake, anahitaji pahali ambapo anajulikana kwa jambo jingine lisilokuwa mshahara wake.

Si lazima liwe bao. Marehemu Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, alikuwa karani wa forodha wa serikali ya kikoloni tangu mwaka 1926 hadi 1944, na hata baada ya hapo akaendelea na utumishi wa serikali. Hakuwa tajiri. Lakini hati za forodha alizojaza mchana leo hakuna anayezitafuta, na mashairi aliyoyaandika yanasomwa na watoto ambao babu zao walikuwa hawajazaliwa alipoajiriwa.

Naye Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora mjini Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia vipande vya ubao na rangi za kupakia baiskeli. Michoro yake iliuzwa, na baada ya kifo chake mwaka 1972 wengi wameendelea kula kwa mtindo ule. Ni jambo jema. Lakini siku hizi tumeambiwa mno kwamba kila kipaji kigeuzwe biashara, hata mtu akiimba vizuri bafuni anaulizwa anaingiza shilingi ngapi. Wacha na sisi tuwe na kitu kimoja ambacho hakina bei.

Nilipomwambia mke wangu maneno haya, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Mnapokuwa barazani, sahani anaosha nani?" Wasikilizaji, nilikosa pa kushika. Yeye hupenda kusuka ukili pamoja na shoga zake, na kwa miaka mingi alikuwa akipata nafasi ya kushika ukili usiku tu, macho yakiwa yamechoka. Sasa tumepatana: Jumamosi jioni ni yangu, Jumapili jioni ni yake, na jiko siku hiyo nashika mimi. Wali wangu bado unaungua, lakini mkeka wake umekamilika, na ndio tunaoukalia.

Tumepatana na jambo la pili pia. Kadi ya mchango ikija, tunaandika kile kilichomo ndani ya nyumba. Kikiwa kidogo, tunaongeza mikono: kupanga viti, kumenya vitunguu, kuchota maji. Kuna waliotununia. Hakuna aliyekataa mikono.

Wiki mbili zilizopita nilirudi kwa yule mlinzi. Sikumpa hotuba. Nilimwuliza kwao alikuwa akipenda nini kabla hajaja mjini. Alifikiri kidogo, akasema drafti. Nikamwuliza mbona hachezi. Akasema hana ubao. Juzi nilipopita, siku yake ya mapumziko, nilimkuta kibarazani na wenzake watatu. Wamechora ubao kwa mkaa juu ya kipande cha boksi, na vizibo vya soda 24 wamevipanga, 12 vimelala chali, 12 vimelala kifudifudi. Mshahara wake haujaongezeka hata senti, na hilo tutaendelea kulisema hapa hapa. Lakini aliponiona hakunipigia saluti ya getini. Alinisogezea ndoo nikalie, akanifunga mara tatu.

Panapo majaaliwa, tukutane tena wiki ijayo. Kwaherini.