Bima ya Wazee Marekani: Wakisema "Chaguo" na Wakisema "Kubinafsisha", Wanamaanisha Nini?

Haya ni maandishi ya mazungumzo yetu ya Alhamisi usiku, kwa waliochelewa kuingia na wale ambao bando iliisha katikati. Sheria ya uzi huu ni ile ile: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Tunachambua hoja.

1/ Leo tunavuka bahari. Wengi mmeuliza kuhusu ule ubishi wa Marekani usioisha, wa Medicare, yaani bima ya afya ya serikali kwa watu wa miaka 65 na zaidi. Mwingine akaandika, "Hiyo inatuhusu nini?" Inatuhusu. Wakenya wengi wako huko wakifanya kazi ya uuguzi na kutunza wazee, na wazazi wengine wamewafuata watoto wao. Halafu, yale maneno ya huko, "ufanisi", "chaguo", "sekta binafsi", hata hapa tunayasikia kila kampeni.

2/ Tuanze na historia kidogo. Sheria ya Medicare ilitiwa sahihi tarehe 30 Julai 1965, na bima ikaanza kulipa Julai 1966. Mwaka huo wa 1966 ndio NHIF ilianzishwa hapa kwetu. Kabla ya hapo, karibu nusu ya wazee wa Marekani hawakuwa na bima ya hospitali. Kwa nini? Kwa sababu kampuni hazikuwataka, na zilizowakubali ziliwatoza pesa nyingi. Kampuni ya bima hupata faida kwa mtu asiyeugua, na mzee huugua. Wekeni hilo akilini, tutalirudia.

3/ Pesa zinatoka wapi? Mfanyakazi hukatwa asilimia 1.45 ya mshahara, na mwajiri anaongeza 1.45. Hizo ni za hospitali. Kwa upande wa madaktari, mzee analipa ada ya kila mwezi, ambayo mwaka 2025 kwa wengi ilikuwa dola 185, na kodi ya kawaida inajazia. Ukiwa na kadi hiyo, karibu kila hospitali na madaktari wengi nchini watakupokea.

4/ Lakini tusiipambe. Medicare ya kawaida ina mashimo. Kwa daktari, mzee hulipa asilimia 20 ya gharama, na hakuna kikomo, asilimia 20 ya bili kubwa ni bili kubwa. Meno, miwani na vifaa vya kusikia, kwa kawaida, ni juu yako. Ndiyo maana wengi hununua bima ya kujazia mashimo hayo kutoka kampuni binafsi. Inaitwa Medigap. Shikeni jina hilo.

5/ Sasa, kampuni ziliingiaje kwenye Medicare yenyewe? Kwa sheria za 1997 na 2003, mpango ambao leo unaitwa Medicare Advantage ukapanuliwa. Serikali inailipa kampuni kiasi fulani kila mwezi kwa kila mzee, na kampuni ndiyo inayosimamia matibabu yake. Tangu 2023, zaidi ya nusu ya wazee wanaoruhusiwa kuchagua wako huko.

Kwa hivyo ukisikia watu wakibishana "tubinafsishe au tusibinafsishe", jua wanabishana mlangoni na nusu ya familia tayari iko ndani. Hakuna siku bunge lilikaa likapiga kura kwamba nusu ihamie kwa kampuni. Walihama mmoja mmoja.

6/ Hoja ya upande wa kwanza. Nitaisema vile wao wenyewe wangeisema. Mzee anapata kila kitu kwa kadi moja. Mara nyingi haongezi ada yoyote juu ya ile ya kawaida. Kuna kikomo cha pesa za mfukoni: kwa mwaka 2025 hakikuruhusiwa kupita dola 9,350 kwa watoa huduma walio kwenye orodha ya kampuni. Anapata pia kitu kidogo cha meno na miwani. Tena wanasema, daktari anayelipwa kwa kila huduma ana sababu ya kuongeza huduma, na kampuni ina sababu ya kumzuia. Halafu kuna suala la mfuko: ripoti ya wadhamini ya 2025 ilikadiria kwamba akiba ya mfuko wa hospitali itaisha 2033. Hizi si hoja za kutupa. Mtu mwenye pensheni ndogo akichagua mpango wa kampuni hajarogwa. Amepiga hesabu.

7/ Hoja ya upande wa pili. Kwanza, ule "ufanisi" hauonekani kwenye hesabu. MedPAC, tume huru inayolishauri bunge lao, ilikadiria kwamba mwaka 2024 serikali ingezilipa kampuni asilimia 22 zaidi ya ambavyo ingetumia kama wazee hao hao wangekuwa kwenye Medicare ya kawaida. Hizo ni kama dola bilioni 83 kwa mwaka mmoja.

Inatokeaje? Njia mbili. Wanaojiunga na kampuni huwa ni wale wenye gharama ndogo. Na kampuni hulipwa zaidi kwa mzee aliyeandikwa magonjwa mengi, kwa hivyo ina kila sababu ya kuhakikisha magonjwa yote yameandikwa. Mzee ni yule yule, faili ndiyo imenenepa.

8/ Pili, kibali. Hapa wenye bima za kazini mtanielewa haraka: unafika hospitali, unaambiwa ngoja kampuni ikubali. Mwaka 2023 kampuni za Medicare Advantage zilipokea karibu maombi milioni 50 ya kibali. Zilikataa milioni 3.2, kabisa au kwa sehemu. Mtasema, hiyo ni sehemu ndogo. Sawa. Lakini sikilizeni hili: waliokata rufaa hawakufika 12 katika kila 100 waliokataliwa. Na katika waliokata rufaa, zaidi ya 80 katika 100 walishinda.

Fikiria hiyo namba polepole. Ukipinga, mara nyingi unashinda. Wengi hawapingi. Ni mtu wa miaka 80, ametoka kupasuliwa nyonga, anahitaji wiki tatu za mazoezi ya kutembea, na barua imekuja yenye kurasa nne. Nani atamjazia fomu? Kama ana binti mwenye muda, ana bahati. Kama hana, anarudi nyumbani kulala.

9/ Tatu, na hili ndilo kubwa kwangu: mlango wa kurudi. Wanasiasa wa huko wanapenda neno "chaguo". Basi tulipime.

Unapofikisha miaka 65 na kujiunga na sehemu ya madaktari, una miezi 6 ambayo kampuni yoyote ya Medigap lazima ikuuzie bila kuuliza una ugonjwa gani. Ukienda kwa Medicare Advantage mara ya kwanza, una mwaka mmoja wa kujaribu na kurudi. Baada ya hapo, katika majimbo mengi, kampuni ya Medigap inaweza kukupima, ikakukataa au ikakupandishia bei.

Tuseme ni mama mwenye miaka 65, mzima, anatembea mwenyewe sokoni. Anachukua mpango wa kampuni kwa sababu una meno. Miaka tisa baadaye anapata saratani, na hospitali anayoitaka haiko kwenye orodha ya kampuni yake. Je, anaweza kurudi Medicare ya kawaida? Ndiyo, kila mwaka kuna kipindi cha kubadilisha. Lakini Medigap sasa inaweza kumwambia hapana. Atarudi na shimo lake: asilimia 20 ya dawa za saratani, bila kikomo.

Kwa hivyo chaguo lilikuwepo, lakini siku alipokuwa mzima. Siku alipougua lilifungwa. Wazee wetu walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Bima hupimwa hivyo hivyo.

10/ Kuna na hoja ya vocha. Mwaka 2011 baraza la chini lilipitisha mpango wa bajeti uliosema kwamba waliokuwa chini ya miaka 55 wakati huo, kuanzia 2022, wangepewa kiasi fulani cha pesa wakajinunulie bima binafsi. Ofisi ya bajeti ya bunge ikapiga hesabu na kusema mzee angelipa zaidi kutoka mfukoni. Seneti haikuupitisha.

Mwaka huo huo kukatoka tangazo la nyanya kwenye kiti cha magurudumu akisukumwa hadi kutupwa gengeni. Watu walilizungumzia sana, lakini halikueleza chochote. Tofauti yenyewe ni hii: leo kampuni lazima igharamie kila huduma ya msingi ya Medicare. Kwa vocha, pesa ndiyo inayowekewa kipimo. Matibabu yakipanda bei kuliko vocha, tofauti ni ya mzee.

11/ Basi ukisikiliza mdahalo, huko au hapa, usiulize tu "ni serikali au ni kampuni?" Uliza haya manne:
– Gharama zikipanda, nani anabeba?
– Nani ana uwezo wa kusema hapana, na rufaa inachukua muda gani?
– Mtu akiugua, anaweza kubadilisha mpango?
– Wanaposema itaokoa pesa, ni pesa za nani?
Anayejibu yote manne anastahili sikio lako, awe wa upande gani.

12/ Swali moja la msikilizaji: "Mamangu anaishi huko kwa grini kadi, ana miaka 68, hajawahi kufanya kazi Marekani. Anapata?" Hapati siku anayofika. Kwa kawaida lazima awe ameishi huko miaka 5 mfululizo na kibali cha ukaazi wa kudumu, ndipo aweze kununua. Na sehemu ya hospitali, ambayo haina ada kwa waliochangia miaka 10 au walio na mume au mke aliyechangia, yeye angeilipia: mwaka 2025 ilikuwa hadi dola 518 kwa mwezi. Panga hiyo hesabu kabla ya kununua tiketi ya ndege.

13/ Na nyumbani? Tangu Oktoba 2024 tuko na SHA, asilimia 2.75 ya mapato, au angalau shilingi 300 kwa mwezi kwa asiye na mshahara. Siku moja mtu atasimama jukwaani aseme wazee wetu watahudumiwa vizuri zaidi na kampuni. Pengine atakuwa na hoja. Msimpigie makofi wala kumzomea kabla hajajibu yale maswali manne.

Mwenye swali aliweke hapo chini. Matusi hatujibu.