MUZIKI WA USIKU MJINI ARUSHA: RIZIKI YA KIJANA NA USINGIZI WA JIRANI

Matini ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi



Kata ya Kikwe imo katika Halmashauri ya Wilaya ya Meru, Mkoa wa Arusha, kwenye tambarare iliyo kusini mwa barabara kuu iendayo Moshi. Ni sehemu ya wakulima. Upande wa kaskazini unasimama Mlima Meru, na chini ya mlima huo umetanda mji wa Arusha, ambao kila jioni huwavuta vijana wa vijiji vinavyouzunguka. Miongoni mwa yanayowavuta ni muziki: bendi zinazopiga ukumbini, rap, na siku hizi muziki unaotengenezwa kwa kompyuta. Suala linalokusudiwa kuzungumzwa hapa ni moja. Je, muziki huo wa usiku utazamwe kuwa ni kero ya kukomeshwa, au ni kazi ya kusimamiwa? Jibu lake linawahusu pia wakaazi wa Unguja na Pemba, kwani kumbi, vipaza sauti na majirani wasiopata usingizi wapo kila mahali.

Kwanza, inafaa ieleweke kwamba Arusha ni mji wa muziki tangu zamani. Mwaka 1970 ndugu Wilson na George Kinyonga, waliokuwa wakipiga katika bendi ya Jamhuri Jazz ya Tanga, walihamia Arusha na kuunda Arusha Jazz. Mwaka uliofuata walivuka mpaka kwenda Kenya, na huko bendi yao ikajulikana kwa jina la Simba Wanyika. Afrika Mashariki nzima ilizicheza nyimbo zao, na Nairobi, iliyokuwa na viwanda vya sahani za muziki, ndiyo iliyopata faida. Hapo lipo funzo la mwanzo: msanii huhama kwenda penye kazi, na mji usiompa pa kufanyia kazi hubaki na kumbukumbu tu.

Pili, historia inaonesha kwamba amri ya kukataza haitoshi peke yake. Mwezi Novemba 1969 uongozi wa mkoa ulipiga marufuku muziki wa soul katika kumbi za Dar es Salaam, kwa hoja kwamba ulikuwa unapotosha vijana. Hata hivyo, katika miaka ya 1970 mji huo huo ulikuwa na bendi ya Sunburst, iliyochanganya funk, roki na mahadhi ya Kiafrika, na ambayo mwaka 1976 ilitoa sahani yake iitwayo Ave Africa. Muziki uliotoka kwa mlango wa mbele ulirudi kwa mlango wa nyuma, tena ukiwa umevaa nguo za kienyeji.

Rap nayo ilipita njia hiyo hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vijana walianza kuighani kwa Kiswahili, na pale redio binafsi zilipoanza katika muongo huo, ikapata masikio mengi zaidi. Mjini Arusha kundi la X Plastaz liliundwa mwaka 1996. Vijana hao hawakuridhika kuiga ya Marekani. Walimshirikisha Yamat Ole Meipuko, mwimbaji wa Kimaasai anayejulikana pia kwa jina la Merege, na sauti za jadi zikakaa pamoja na mashairi ya mitaani. Albamu yao Maasai Hip Hop ilitolewa nchini Ujerumani mwaka 2004, na kundi likasafiri kutumbuiza nchi za nje. Aidha, mwaka 1999 ilianzishwa mjini humo jumuiya ya Aang Serian, jina la Kimaasai lenye maana ya nyumba ya amani, ambayo iliwakutanisha vijana na kurikodi muziki wa asili na wa kisasa.

Hata hivyo haifai kuficha upande wa majonzi. Mwaka 2006 mmoja wa waasisi wa X Plastaz, aliyejulikana kwa jina la Faza Nelly, aliuawa mjini Arusha angali kijana. Msiba huo uliwakumbusha wengi kwamba jina kubwa la msanii halimpi ulinzi, wala mashabiki wengi hawampi hifadhi ya uzeeni. Wengi wa wafanyao kazi usiku hawana mkataba wala bima, na hawana usafiri wa kuaminika wa kuwarudisha majumbani.

Baada ya hapo Arusha iliendelea kutoa makundi na wasanii, wakiwemo Nako 2 Nako, Joh Makini na kundi la Weusi. Mmoja wa Weusi, Nikki wa Pili, aliteuliwa mwaka 2021 kuwa Mkuu wa Wilaya ya Kisarawe. Kabla yake, mwaka 2010, mwanamuziki wa rap Joseph Mbilinyi alichaguliwa kuwa Mbunge wa Mbeya Mjini. Kwa hiyo mtumishi anayemwona kijana mwenye kipaza sauti na kumwita mhuni kabla hajamsikiliza, afahamu kwamba huenda siku moja akaketi naye katika meza moja ya kikao.

Ndugu wananchi,

Haki ya msanii haifuti haki ya jirani. Mgonjwa anahitaji utulivu. Mtoto wa skuli anahitaji usingizi, na mkulima wa Kikwe anayeamka alfajiri kwenda shamba hana muda wa kulala mchana. Katika jambo hili elimu kidogo ya sauti inasaidia. Kipimo cha sauti ni desibeli, na hesabu yake si ya kawaida: sauti ikiongezeka kwa desibeli 10, nguvu yake huwa imezidi mara kumi, na sikio huisikia kama imekuwa maradufu. Sauti nyembamba huzuiwa na ukuta na mlango. Mdundo mzito wa besi hupenya ukuta na kwenda mbali, ndiyo maana jirani hasikii maneno ya wimbo lakini kitanda chake kinatikisika. Muziki wa kompyuta umeliongezea uzito suala hili. Singeli, iliyozaliwa katika mitaa ya Dar es Salaam na kutambuliwa hata Ulaya, huenda kwa mapigo 200 na zaidi kwa dakika, na hutegemea sana vipaza sauti vikubwa.

Ufumbuzi wa kiufundi haugharimu sana. Vipaza sauti vikielekezwa ndani ya ukumbi badala ya barabarani, besi ikipunguzwa ifikapo usiku wa manane, na milango ikifungwa, malalamiko mengi huisha bila ya kumfungia mtu biashara yake. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti ya kipaza sauti kimoja hupungua kwa takriban desibeli 6. Kwa hivyo kusogeza jukwaa mapema, kabla ya ukumbi kujengwa, kunafaa kuliko kugombana baadaye.

Mintarafu ya sheria, mambo ya utamaduni si ya Muungano, na kila upande una utaratibu wake. Tanzania Bara ina Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, na kanuni za mwaka 2015 zinazoweka viwango vya kelele na mitetemo, ambavyo hutofautiana kati ya mchana na usiku na kati ya maeneo ya makaazi na ya biashara. Zanzibar ina Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, na sheria yake ya mazingira ya mwaka 2015. Haki za watunzi nazo zinalindwa kwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 kwa upande wa Bara, na ya mwaka 2003 kwa upande wa Zanzibar. Mwenye baa au hoteli anayepiga nyimbo za watu kwa wateja wake anatumia mali ya mwenziwe, na mali hiyo ina malipo yake.

Visiwani upo mfano unaofaa kuangaliwa. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004 katika Mji Mkongwe, limeshika sharti la wasanii kupiga na kuimba moja kwa moja jukwaani, si kufuatisha sauti iliyorikodiwa. Sharti hilo lina maana ya kiuchumi. Mwimbaji anayefuatisha kanda analipwa peke yake. Bendi inayopiga moja kwa moja inampa kazi mpiga ngoma, mpiga gitaa, fundi wa mitambo na wachukuzi wa vyombo. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa mwaka 2002, kimesaidia kuwaandaa vijana kwa kazi hizo.

Kutokana na maelezo hayo, watumishi wanaohusika na vibali na wananchi kwa jumla wanaombwa kuzingatia yafuatayo:

(a) Maombi ya kibali yajibiwe kwa wakati na kwa maandishi, na anayekataliwa aelezwe sababu. Kibali kinachocheleweshwa hufungua mlango wa rushwa.

(b) Majirani wasikilizwe kabla ya ukumbi kuanza kazi, wala wasingojee hadi ugomvi uzuke.

(c) Kelele zipimwe kwa chombo. Kisitumike kipimo cha chuki ya mtu dhidi ya aina fulani ya muziki.

(d) Wenye kumbi wawe na mapatano ya maandishi na wasanii, wahakikishe ulinzi mlangoni, na wawafikirie wafanyakazi wao namna ya kurudi nyumbani.

(e) Wazazi wajue watoto wao wanakwenda wapi, na wenye kumbi wasiwaingize watoto penye ulevi.

Ndugu wasikilizaji, haki ya mtu haifai kupotea. Kijana wa Arusha anayetafuta riziki kwa sauti yake ana haki, na mzee wa jirani anayetafuta usingizi ana haki. Kazi ya mtumishi wa umma ni kuzipima haki hizo mbili kwa mizani moja, bila ya kuilalia upande mmoja.