Mtoto Mlemavu Akitimiza Miaka 18, Tumpeleke Wapi?

(Hotuba iliyosomwa na ndugu mmoja wa karakana katika mkutano wa wanachama, Mombasa. Imechapishwa hapa kwa ombi la waliohudhuria.)



Mimi ni fundi wa karakana, si mtu wa kusimama mbele ya watu. Elimu yangu ni ya shule ya misheni huko Taita mpaka darasa la nane, na mengine nimefundishwa na spana. (Kicheko.) Kwa hiyo nikikosea maneno mniwie radhi, shikeni maana yake.

Mkutano uliopita Katibu aliuliza ni nani mwenye jambo la kuwafaa wanachama. Watu wakataja mishahara, nyumba na malipo ya saa za ziada. Hayo yote ni haki yetu. Lakini liko jambo moja ambalo sijalisikia likitajwa katika mkutano huu hata siku moja, ingawa najua ya kwamba si nyumba yangu peke yake inayolijua. Ni habari ya watoto wetu walemavu wanapokuwa watu wazima.

Mimi nina mdogo wangu wa kike, kitinda mimba wa mama yetu. Alizaliwa na mtindio wa ubongo. Miguu yake haimbebi, mkono wa kushoto una kasoro, na maneno yake hutoka polepole. Lakini akili yake ni nzima, tena kali kuliko yangu. Mwenye duka hawezi kumpunja hata shilingi. Baba yetu alipofariki mimi nilishika nafasi yake, na tangu siku ile mzigo wa nyumba ile ni wangu.

Alipokuwa mtoto tulisaidiwa sana, lazima niseme kweli. Alipata shule maalum ya bweni. Alipata mtaalamu wa kumnyoosha viungo kila juma. Watu wema walilipa karo, na kiti cha magurudumu alipewa bure. Sisi nyumbani tukaona mambo yamekaa sawa, tukalala usingizi.

Mwaka 2021 akatimiza miaka 18. Barua ikaja kutoka shuleni ya kwamba amemaliza, tukamchukue. Waliokuwa wakilipa karo walikuwa wafadhili wa watoto, na yeye si mtoto tena. Nikampeleka hospitali kwa yale mazoezi ya viungo, nikaambiwa chumba hiki ni cha watoto, huyu mpeleke kwa watu wazima. Kule kwa watu wazima nikakuta foleni ya waliovunjika mifupa, na karani akaniuliza, "Huyu ameanguka lini?" Nikamwambia hakuanguka, alizaliwa hivi. Akatafuta mahali pa kuandika jambo hilo katika karatasi yake, asipaone.

Tukarudi nyumbani. Ndugu zangu, yule msichana alikaa mlangoni kwa mama miaka miwili. Asubuhi atolewe nje, jioni arudishwe ndani. Kiti chake kilikuwa cha mtoto wa miaka 12, kikamchubua paja mpaka likafanya kidonda. Magoti ambayo zamani yaliweza kunyooka yakakaza, na daktari amenieleza ya kwamba hayatanyooka tena kama yalivyokuwa. Miaka ile miwili hakuna mtu awezaye kumrudishia.

Nilikasirika na shule, na hospitali, na serikali. Kisha usiku mmoja nikiwa zamu nikajiuliza: tarehe ya kuzaliwa ya mtoto huyu ilikuwa siri? Tuliijua miaka 18. Sisi watu wa reli twajua gari moshi la saa mbili halifiki kwa ghafula. Mimi sikujitayarisha, na aliyelipa ni yeye.

Sasa niwaambie nilivyopata njia, maana niliipata kwa kuuliza na kwa kupoteza siku.

Mlango wa kwanza ni kuandikishwa. Liko Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Sheria ile sasa imeondolewa na mahali pake ipo sheria mpya ya mwaka 2025, lakini Baraza lingali lipo, na lina maafisa wake katika kaunti. Kwanza mlemavu hupimwa na madaktari katika hospitali ya serikali iliyoruhusiwa kufanya kazi hiyo, nao huandika ni ulemavu gani na ni wa kiasi gani. Baada ya hapo ndipo Baraza humwandikisha na kumpa kadi. Mtu asiye na kadi hiyo hukwama karibu kila mahali nitakapotaja.

Kupimwa tu kulinichukua safari tatu. Safari ya kwanza sikuwa na kitambulisho chake. Alikuwa na miaka 20 na hakuna aliyefikiri kumpeleka achukue kipande, kana kwamba mtu asiyetembea si raia. Tukaenda tukakichukua. Safari ya pili tulifika siku ambayo madaktari hawakai. Kumbe walikuwa na siku yao moja katika juma, na hapakuwa na tangazo mlangoni. Safari ya tatu ndipo tukaingia. Teksi kwenda na kurudi mara tatu, kwa sababu matatu hawakutaka kupakia kiti, na siku tatu nikazikata katika likizo yangu. Basi nyinyi ulizeni kwanza ni siku gani wanakaa, na mchukue kitambulisho chake, chenu, cheti cha kuzaliwa, na karatasi zote za zamani za hospitali. Zile za utotoni msizitupe.

Na jambo jingine. Mle ndani daktari alinigeukia mimi akauliza, "Anapenda kula nini?" Kabla sijafungua mdomo mdogo wangu akajibu mwenyewe, polepole, "Wali. Ukipatikana." (Kicheko.) Daktari alicheka, na tangu hapo akazungumza naye yeye. Mwacheni kijana ajisemee. Akichelewa kutoa neno, ngojeni.

Mlango wa pili ni mafunzo ya kazi. Serikali ina vituo vya kuwafundisha kazi walemavu waliopita umri wa shule. Kipo Nairobi huko Industrial Area, vipo Machakos na Embu, na kwetu Taita kipo Bura. Nilikua karibu nacho nisijue ni cha nini! Kwa wasioona kuna chuo cha ufundi Machakos. Kwa viziwi kuna chuo cha ufundi Karen, Nairobi, na kingine Nyang'oma upande wa Bondo. Na Sikri, kaunti ya Homa Bay, huchukua viziwi na wasioona. Hapa Mombasa wengi wenu mwapita Bombolulu kila siku: karakana zile zilianzishwa mwaka 1969 na chama cha walemavu wa viungo, APDK, na waliofanya kazi mle ya ngozi, mbao, nguo na mapambo ni walemavu wenyewe. Chama hicho chenyewe kimekuwako tangu 1958, nacho hushughulika na viti vya magurudumu na vyuma vya miguu. Mtu mzima akipimiwa kiti chake upya, ni jambo kubwa. Kiti si kofia ya kuvaa yeyote.

Mdogo wangu alipata nafasi katika kituo kimojawapo mwaka 2024. Mimi nilitaka ajifunze kusuka vikapu, maana nilimwonea huruma. Yeye akakataa, akasema anataka cherehani. Nikamwambia cherehani ni ya miguu. Akanyamaza. Mwalimu alikuwa mwerevu kuliko mimi: alitafuta cherehani ya umeme, kile cha kukanyaga akakiweka juu ya meza, na msichana hukibonyeza kwa kiwiko cha mkono ule wenye kasoro. Mimi fundi wa miaka mingi sikuliwaza jambo hilo. Kwa sasa ashona mapazia na sare za shule, mistari iliyonyooka. Kola bado zinampiga chenga.

Lakini wapo vijana wasioweza kufundishwa kazi, wanaohitaji kulishwa na kuoshwa kila siku. Tusiwapite haraka kwa sababu habari yao ni nzito. Kwa hao kuna fedha za serikali za Inua Jamii kwa wenye ulemavu mkubwa, shilingi 2,000/- kwa mwezi, na mtunzaji huweza kuzipokea kwa niaba yao. Ni kidogo, na si kila anayestahili ameingia katika orodha. Hata hivyo asiyeandikwa hatapata kitu. Mwulizeni chifu wenu na afisa wa watoto na jamii lini watu wanaandikwa, na mkirudishwa, rudini tena.

Tazameni pia karatasi ya mshahara. Tangu Oktoba 2024 sote twakatwa 2.75 kwa mia kwa ajili ya bima ya afya ya SHA. Wengi wanadhani kijana akikua anatoka katika bima ya mzazi. Sheria ile ya mwaka 2023 inasema mlemavu wa umri wowote, anayekutegemea kabisa na kuishi nawe, huhesabiwa pamoja nawe. Nendeni mhakikishe ya kwamba jina lake limo. Msingoje usiku wa kuugua.

Na wale wanaopata kazi? Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, yataka hatua kwa hatua angalau watu 5 katika kila 100 walio katika vyombo vya umma vya kuchaguliwa na kuteuliwa wawe walemavu. Sheria ya 2025 yamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge angalau asilimia 5 ya nafasi. Naomba kila mmoja wenu akirudi kazini ahesabu. Mimi nimehesabu katika idara yangu, na kidole kimoja kilitosha. Tena mlemavu aliyeandikishwa, akiomba na kupewa cheti na watu wa kodi, mshahara wake mpaka shilingi 150,000/- kwa mwezi haukatwi kodi ya mapato. Najua hakuna hapa anayezipata hizo. (Kicheko.) Lakini wapo kati yetu walioumia wakabaki na kilema, wangali wanakatwa kodi mpaka leo kwa kutojua.

Bwana Mwenyekiti, sasa nakuja kwa chama chetu. Ndugu mmoja, simtaji, aliniambia tulipokuwa tukinywa chai: "Haya ni mambo ya nyumbani, chama ni cha mshahara." Nikamwuliza, mshahara waenda wapi? Mimi nilipoteza siku tatu za likizo na nauli ya teksi kwa karatasi moja. Mama yangu aliacha biashara yake ya mboga ili amgeuze mtoto asipate vidonda. Hiyo ni pesa iliyotoka katika mshahara uleule tunaoupigania. Mkate likizo, na likizo ya ugonjwa ni ya mfanyakazi mwenyewe akiugua. Kwa ndugu yake wa kumpeleka kupimwa hakuna siku hata moja.

Kwa hiyo naleta maombi mawili, naomba yaandikwe katika kumbukumbu. La kwanza, katika mazungumzo yajayo ya mkataba wa pamoja chama kidai siku tatu kwa mwaka zenye malipo, kwa mwanachama anayemtunza mlemavu, za kumpeleka hospitali na maafisini. Siku tatu si nyingi. (Makofi.) La pili, afisi ya tawi iweke daftari. Aliyekwisha kupita njia hizi aandike alikwenda wapi, siku gani, alidaiwa karatasi gani. Mwenzake akija asianze gizani kama mimi nilivyoanza.

Daftari nimelinunua mimi, liko pale mezani karibu na mlango, na habari ya safari zangu imeandikwa katika ukurasa wa kwanza. Mzee wetu wa genge la njia, aliyempeleka mwanawe kiziwi chuoni mwaka jana, amekubali kukaa nami mpaka saa kumi na mbili. Mwenye kijana nyumbani wa miaka 16 au zaidi, asiondoke kabla ya kupita hapo. Na mwenye kijana wa miaka 25 aliye mlangoni kwa mama tangu zamani, aje pia. Kalamu ipo.