Jaribio la Bure na Kamisheni ya Dalali: Maadili ya Kutangaza Bidhaa za Wengine Mtandaoni

1. Utangulizi na dhana

Mada hii imeandaliwa kwa washiriki wanaotangaza bidhaa na huduma za kampuni nyingine mtandaoni kwa malipo ya kamisheni. Dhana zenyewe zinafahamika, hivyo tutazipitia haraka. Dalali wa mtandaoni huweka kiungo cha kampuni kwenye ukurasa wake, na hulipwa mteja akikifuata na kujiunga au kununua. Jaribio la bure ni nafasi ya kutumia bidhaa kwa siku chache kabla ya kuanza kulipa. Yapo majaribio yanayokwisha yenyewe mteja akikaa kimya, na yapo yanayogeuka makato ya kila mwezi mteja akikaa kimya. Ya kwanza hayana mgogoro. Tunaloshughulika nalo hapa ni ya pili. Si nia ya mada kuituhumu kampuni yoyote inayofanya kazi nchini.

2. Kamisheni inatoka wapi?

Semina baada ya semina, mjadala huishia kwenye neno "bure": litumike au lisitumike. Neno hilo si kiini cha tatizo. Kiini ni wakati ambapo dalali analipwa. Mfano ulio wazi ni kesi ya LeanSpa nchini Marekani, iliyofunguliwa mwaka 2011 na Tume ya Biashara ya Shirikisho (FTC) pamoja na jimbo la Connecticut. LeanSpa iliuza virutubisho vya kupunguza uzito. Mteja aliambiwa sampuli ni ya bure, alipie usafirishaji tu, dola 4.95 au pungufu. Wengi walikuja kukatwa dola 79.99 kwenye kadi, na makato yakaendelea mwezi hadi mwezi. Matangazo yalipitia LeadClick, kampuni iliyowaunganisha wauzaji na madalali. Baadhi ya madalali hao walitengeneza kurasa zilizofanana na za vyombo vya habari, zikiwa na mwandishi wa kubuni na maoni ya wasomaji ambao hawakuwapo. Kwa kawaida LeanSpa iliilipa LeadClick dola 35 hadi 45 kwa kila mteja aliyejiunga, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilimfikia dalali.

Tuziweke tarakimu hizo pamoja. Muuzaji anapokea dola 4.95, anatuma bidhaa, kisha anatoa dola 35 kwa ajili ya aliyemleta mteja. Hakuna duka linaloweza kwenda hivyo, isipokuwa makato ya baadaye yamepigiwa hesabu tangu siku ya kwanza. Ni kweli kwamba hata programu nzuri ya uhasibu huweza kulipa kamisheni kubwa kwa kutarajia wateja watakaoipenda na kubaki. Kwa hiyo ukubwa wa kamisheni peke yake si ushahidi wa hila. Lakini dalali akishalipwa pale tu mteja anapoandika namba ya kadi, hana tena sababu ya kujali kama mteja huyo amebaki kwa kupenda au kwa kusahau. Aliyesahau na aliyeridhika wanamwingizia kiasi kilekile. Mfumo wa namna hiyo humchosha hata mtu mwadilifu, kwa sababu kila neno la tahadhari analomwambia mteja linampunguzia kipato.

Afrika Mashariki tunayo kinga moja: kwa kawaida malipo ya simu hayapiti mpaka mwenye simu aweke namba ya siri. Kinga hiyo haipo kwenye huduma za ujumbe mfupi zinazokata salio la muda wa maongezi, wala kwenye kadi ya benki iliyokwisha kuhifadhiwa kwenye tovuti. Huko ndiko ukimya wa mteja unakogeuzwa kuwa fedha.

3. Hoja za kupinga

Hoja ya kwanza ni ile ya "vigezo na masharti kuzingatiwa": masharti yameandikwa, mteja ni mtu mzima. Lakini maandishi madogo chini ya ukurasa hayawi taarifa kwa kuwa tu yapo. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010, iitwayo ROSCA, inataka masharti muhimu yaelezwe waziwazi kabla ya kuchukua taarifa za malipo, mteja aridhie kwa kujua, na njia ya kujitoa iwe rahisi. Hoja ya pili ni kwamba mjumbe hauawi. Mjumbe husamehewa kwa sababu hana faida katika habari anayoibeba; dalali anayo. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa ya shirikisho mjini New York iliibebesha LeadClick dhima, ingawa kurasa za uongo hazikuandikwa na yenyewe, kwa kuwa ilijua na ilikuwa na uwezo wa kuzidhibiti. Ilitakiwa kulipa dola milioni 11.9. Hoja ya tatu ni nzito zaidi: tukijizuia, wenzetu watachukua soko. Hasara hiyo ipo na haifai kufichwa. Hata hivyo, dalali hana mtaji mwingine zaidi ya kuaminiwa, na mteja aliyekatwa fedha asizozitarajia hafuati tena kiungo cha mtu yeyote. Wala tusingoje sheria itutangulie: kanuni mpya ya FTC ya kurahisisha kujitoa, iliyopitishwa mwaka 2024, ilibatilishwa mahakamani Julai 2025 kwa kasoro za utaratibu.

4. Mapendekezo

(i) Neno "bure" liandamane, katika sentensi hiyohiyo, na tarehe ya kuanza kukatwa, kiasi, na namna ya kujitoa.

(ii) Dalali aeleze juu ya kiungo, si chini ya ukurasa, kwamba analipwa.

(iii) Asitangaze jaribio ambalo yeye mwenyewe hajajiunga nalo na kujitoa.

(iv) Ushuhuda wa kubuni na kurasa zinazojifanya habari zikomeshwe kabisa.

(v) Kampuni za kuunganisha madalali zikague matangazo, na zisitake kuonekana hazikujua.

(vi) Wasimamizi wa mawasiliano wafikirie kudai namba ya siri kabla ya huduma ya majaribio kuanza kukata salio.

(vii) Lililo kubwa kuliko yote, na linalorudiwa kwa makusudi: kamisheni ilipwe baada ya mteja kukumbushwa kuwa jaribio limekwisha, naye akalipa. Dalali akilipwa siku hiyo, ukweli anaomwambia mteja hautamgharimu tena.