Ndoa Ikivunjika, Mtoto Atunzwe na Nani?



Bonasi ya majani chai inapoingia hapa Silibwet, maduka hujaa watu. Baba hununua mabati, au ng'ombe wa maziwa. Na huenda si mbali na hapo, kwa wazazi wa mke aliyerudi kwao, wako watoto wake waliorudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Ukimwuliza, atakujibu: "Mama yao aliondoka nao, na awalishe." Mwingine atasema: "Sisi hatukuoana, hata ng'ombe hawakutolewa."

Jibu hilo la pili liliwahi kuwa na nguvu. Sheria iliyomwezesha mama asiyeolewa kumdai baba wa mtoto ilitungwa mwaka 1959, na Bunge letu wenyewe likaifuta mwaka 1969. Hata Sheria ya Watoto ya 2001 haikumtwika baba huyo mzigo tangu mwanzo. Katiba ya 2010 ndiyo iliyofunga mlango. Kifungu cha 53 chawapa baba na mama wajibu ulio sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au la. Sheria ya Watoto ya 2022 yafuata njia hiyo hiyo.

Wazee wetu wa Kipsigis walihesabu watoto kuwa wa ukoo uliotoa ng'ombe. Vema, lakini ukoo huo uliwalisha pia! Naye Paulo, alipomwandikia Timotheo juu ya mtu asiyewatunza walio wake, alimweka nyuma ya wasioamini. Hakuuliza kama wangali wanaishi nyumba moja.

Nanyi akina mama, twawasihi. Msiwafiche watoto wasimwone baba kwa kuwa hajatuma fedha. Mtoto si rehani.

Kabla ya kwenda kortini, wazazi waweza kuketi mbele ya wazee wa kanisa au afisa wa watoto, wakaandikiana: watoto watakaa kwa nani, nani atalipa karo, nani sare, na likizo gani watakwenda kwa baba. Wakishindwa, korti ya watoto ipo, na mama aweza kwenda hata bila wakili. Katika maandishi hayo kitajwe pia kiasi cha kutolewa katika malipo ya majani ya kila mwezi, kisingoje bonasi.